Programu Iliyogoma Dukani kwa Baba

Jumapili, 2 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: Baba haoni tofauti ya kijani na kahawia. Nyekundu nayo humpotea. Na kazi ya Baba ni kuuza na kuchanganya rangi za nyumba!

Sikuambiwa. Niligundua mwenyewe mwaka jana. Aliandika tangazo la dukani: RANGI MBICHI, USIGUSE. Akarudi nyuma kulitazama, akasema, "Hapo nimetia nyekundu ili watu waogope." Lilikuwa kijani kama jani.

Sikucheka, sikusema. Tangu siku hiyo naangalia tu. Nimeona kwamba Mama humtolea nguo kitandani kila asubuhi, hata akiwa ametoka zamu hospitalini na macho yanamfunga. Nimeona pia namba. Kila chupa ya rangi kali pale dukani ina namba kubwa nyeusi aliyoibandika Kaka. Wateja husifu: duka lina mpangilio! Si mpangilio. Ni njia ya Baba ya kupita.

Programu nayo aliiandika Kaka. Baba anaingiza namba ya rangi kutoka kwenye kadi ya mteja na ukubwa wa kopo, programu inamjibu: chupa ya nne, vipimo sita, chupa ya tisa, vipimo viwili. Anavitia kwenye rangi nyeupe, anafunga kopo, mashine inalitikisa, basi. Hahitaji kuona chochote.

Jumatano Kaka aliondoka. Amepata kazi mji mwingine na Baba hakutaka. Walizozana dukani mbele ya mteja. Baba akasema duka hili ndilo lililomsomesha. Kaka akasema, "Bila mimi hujui hata kijani ni ipi!" Mteja alicheka, alidhani ni utani wa baba na mwana. Baba hakucheka. Jioni Kaka alibeba begi lake akaenda.

Alhamisi asubuhi programu ikagoma. Baba anasema Kaka kaiharibu makusudi.

Akaitwa fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Fundi Tayari kwa sababu ndilo neno lake. Alifuta kila kitu, akaiweka kompyuta upya, akarudisha folda ya duka. "Tayari hiyo, mzee!" Akaenda zake. Programu haikufunguka.

Jana mkandarasi anayepaka wodi mpya ya wazazi alikuja kuagiza makopo yaliyobaki. Ana sauti ya kujaza uwanja. "Mzee wangu, nusu ya ukuta imevaa, nusu iko uchi! Jumamosi ijayo nakuja. Rangi ile ile, kijani kile kile, wasije wakasema nimeshona viraka." Baba akasema hakuna shida. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu nasoma. Nilimwona ameishika meza kwa mikono yote miwili.

Kama Jumamosi rangi haitafanana, mkandarasi atauliza kwa nini, na kwa sauti ile mtaa mzima utajua Baba ana nini. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Mimi najua Python kidogo, kutoka kitabu cha maktaba. Ndiyo lugha ya kompyuta aliyoitumia Kaka. Kesho nitajaribu.


Jumatatu, 3 Machi

Nimemwomba Baba niiangalie kompyuta. Niliomba kwa sauti ndogo hata akaniuliza mara mbili nasema nini. "Wewe na vitabu vyako," akasema. "Haya, lakini usiiharibu zaidi." Zaidi ya hapo? Haifanyi kitu!

Ukibofya programu, dirisha jeusi linatokea na kupotea kabla hujasoma. Nimeifungua kwa kuiandikia amri, ili maandishi yabaki. Yakabaki. Mistari mingi ya kutisha, na wa mwisho unasema: No module named 'tabulate'.

Yaani kuna moduli haipo. Moduli ni kazi aliyokwisha kuifanya mtu mwingine, wewe unaiazima ili usianze upya. Hii ni ya kupanga majibu kwenye safu nzuri. Kumbe ndogo tu! Fundi Tayari alipofuta kila kitu aliifuta na hii. Nimetumia bando la simu yangu, nimeisakinisha. Ikaandika imefanikiwa.

Nikafungua programu. No module named 'tabulate'.

Nimesakinisha tena. Inasema tayari ipo. Programu inasema haipo. Mmoja wao ni mwongo!

Baba alikuwa anajifanya anapanga brashi. "Imekubali?"

"Bado, Baba."

"Si nilikwambia. Ndugu yako kaifunga."

Mteja wa pili leo amerudishwa. Baba amemwambia mashine inaumwa.


Jumanne, 4 Machi

Mapumziko yote nimesimama nje ya chumba cha kompyuta nikipanga maneno ya kumwambia mwalimu. Kengele ikalia sijabisha hodi. Mwalimu akafungua mlango mwenyewe, akanikuta. "Wewe, unasubiri basi hapa?"

Nikamwonyesha karatasi niliyonakilia kosa. Nilitegemea atacheka. Akaisoma mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: kompyuta hiyo ina Python ngapi?

Ngapi? Sikujua kwamba zinaweza kuwa zaidi ya moja!

Akachora majiko mawili ubaoni. Akasema mtu anatia chumvi kwenye sufuria ya jiko hili, halafu anaonja ya jiko lile, halafu anailaumu chumvi. Akasema niache kutoa amri hewani. Niiambie Python ile ile inayoendesha programu ijisakinishie yenyewe. Akaniandikia amri.

Nilipokuwa naondoka akasema, "Siku nyingine bisha hodi. Siumi."


Jumatano, 5 Machi

Zilikuwa mbili kweli! Fundi Tayari aliweka moja, na nyingine ikaingia na programu ya mashine ya kuchapa aliyoirudisha. Moduli ilikuwa inakwenda kwenye moja, programu ya Kaka inaendeshwa na nyingine. Nimeandika amri ya Mwalimu. Nimefungua programu. Kosa la tabulate halipo!

Nimepiga kelele. Mimi! Baba alitoka stoo mbio, kopo mkononi, akidhani nimepigwa na umeme. "Nini? Nini?" Nikamwambia limeondoka. Akaja, akainama, akasoma skrini akiwa amekunja uso. Akaniuliza taratibu, "Na hili jingine je?"

Sikuwa nimeliona. Nilishangilia mapema.

No module named 'changanya'.

Haya, nikasema, ni ile ile, tunasakinisha. Intaneti inasema haina kitu chenye jina hilo. Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa kistari, bila kistari. Hakuna. Nikatafuta kwenye simu, nikaletewa mapishi na mafuta ya nywele.

Nimehangaika mpaka duka linafungwa. Tuko njiani kurudi, Baba mbele, mimi nyuma, ndipo nikasimama katikati ya barabara. Mjinga mimi! Nani huko duniani angeipa moduli yake jina la changanya? Hiyo si ya kuazima kwa watu. Ni ya Kaka. Kaiandika mwenyewe. Hata nikisakinisha intaneti nzima, haitakuwemo.

"Vipi tena?" Baba akauliza.

Nikasema jiwe limeingia kwenye kiatu.


Alhamisi, 6 Machi

Leo sikusakinisha chochote. Nimefungua programu ya Kaka nikaisoma kama kitabu, kuanzia juu. Ilinipasa kufanya hivyo tangu Jumatatu. Kaka anaandika vizuri, mistari yake haina mbwembwe. Juu kabisa kuna mmoja unaoiambia programu: usipoipata moduli hapa, katafute kwenye E.

Kompyuta ya duka ina hifadhi mbili tu, C na D. E haipo. Haikuwahi kuwepo. Ila ukichomeka flashi, hiyo flashi ndiyo inakuwa E.

Nikainama chini ya meza nikatazama nyuma ya kompyuta. Vumbi kila mahali, na sehemu moja ndogo safi, ya umbo la flashi.

Kumbe Kaka hakuiweka kabisa kwenye kompyuta! Vipimo vya rangi zote, kazi yake ya miaka yote, vilikaa kwenye flashi. Alikuwa akienda nayo nyumbani kurekebisha, asubuhi anairudisha. Akazoea hivyo. Mtu mwenye akili kama Kaka!

Nikamuuliza Baba kama kulikuwa na flashi pale nyuma.

"Kale kadude kenye taa ya buluu?" Alikuwa anakata karatasi ya msasa, hakuinua kichwa. "Kalikuwa ka muziki wake. Siku ile nilikachomoa nikamtupia kwenye begi. Nilimwambia abebe takataka zake zote."

Nilikuwa bado nimepiga magoti chini ya meza. Nilisikia mkasi ukisimama.

"Kwani kana nini?"

"Kana vipimo, Baba. Programu inavisoma humo."

Nilipotoka chini ya meza alikuwa anafuta meza kwa kitambaa, meza ambayo haikuwa na kitu. Akaifuta mpaka pembeni, akarudi mwanzo. Hakusema tena kwamba Kaka kaiharibu.

Nimemwandikia Kaka. Nimefuta mara nyingi, mwisho nimetuma hivi: "Kaka, shikamoo. Duka limesimama. Moduli iko kwenye flashi uliyonayo. Mkandarasi wa wodi anakuja Jumamosi. Tafadhali nitumie."

Akajibu palepale, kama aliyekuwa ameishika simu.

"Marahaba, Kurasa." Ndivyo anavyoniita. "Kwa hiyo umefika mpaka kwenye E! Peke yako? Sikujua flashi iko kwenye begi, hata sijalifungua vizuri. Nilidhani imebaki huko, Baba anafanya kazi kama kawaida."

Kisha: "Ninayo mkononi sasa hivi."

Kisha, baada ya muda: "Nimempigia Baba kila siku tangu nifike. Hapokei. Faili nitatuma, ni kitu cha dakika moja. Ila anipigie yeye. Sitaki aniombe radhi, maneno yangu yalikuwa mabaya kuliko yake. Anipigie tu, nisikie sauti yake."

Nikamwandikia kwamba huo si uungwana, wateja wanarudishwa. Akaandika: "Kurasa, nikituma kupitia kwako, mimi na Baba tutakaa hivi hivi miaka kumi. Unamjua. Na mimi unanijua."

Ninawajua. Ndiyo maana nimeamua kesho nimwambie Baba.


Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kumwambia Baba asubuhi. Nimejaribu mchana. Kila nikifungua mdomo anauliza kama nimekula.

Jioni aliniambia mwenyewe: "Iache hiyo kompyuta. Kesho nitachanganya kwa mkono. Nilikuwa nachanganya kabla huyo hajazaliwa."

Nikamfuata Mama jikoni, alikuwa anapiga pasi sare yake. Nikamuuliza, kama jambo la kawaida tu, zamani Baba alikuwa anachanganyaje rangi bila programu. Mama akaendelea kupiga pasi mkono wa sare ambao ulikuwa umeshanyooka.

"Nilikuwa nasimama naye," akasema. "Akitia, nakohoa."

"Unakohoa?"

"Imetosha, nakohoa mara moja. Imezidi, mara mbili. Wateja walikuwa wananipa pole ya kifua." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Kaka yako hakukwambia?"

"Hapana. Na wewe je, Mama, Baba ndiye aliyekwambia?"

Mama akaiweka pasi wima. Akasema Baba hajawahi kumwambia. Wameoana, wamezaa, na hajawahi. Siku moja alimwona anasita juu ya chupa, akakohoa, Baba akakielewa kikohozi. Hawakulizungumza hata siku moja. Kaka naye alibandika namba bila kuulizwa.

Kwa hiyo nyumba nzima tunajua! Kila mtu kajifungia nalo peke yake.

Nikamwomba kesho akakohoe. Akasema kesho yuko zamu tangu asubuhi, wodini wako wachache, hawezi kubadilishana na mtu. Akanishika shavu. "Mwache baba yako asione kwamba unajua, mwanangu. Ndilo alilobaki nalo."

Nimekubali kwa kichwa. Sijui kama nimekubali.


Jumamosi, 8 Machi

Tumefungua mapema. Baba alikuwa amevaa shati alilomtolea Mama kabla ya kwenda zamu. Akaniambia nikae nyuma nisome. Nilikaa, kitabu wazi, sikugeuza ukurasa.

Alichukua kopo la nyeupe akalifungua. Akaiweka kadi ya mkandarasi mbele yake, akazipanga chupa. Namba anazijua: ile ya nne ni kijani, ya tisa ni nyeusi, ya saba ni ya udongo. Anajua rangi ipi iko kwenye chupa ipi. Asichojua ni zipi zinatakiwa na kwa kiasi gani, na hana jicho la kumwambia imefika. Alikuwa anatia, anakoroga, anainamisha kichwa. Anaishika kadi juu ya kopo. Anatia tena. Mkono wake hautetemeki kabisa, mtu angeapa anajua anachofanya.

Mkandarasi akafika na gari la mizigo na vijana wake. "Mzee wa rangi! Nimekuja kumvika yule wa uchi!" Baba akamjibu kwa kicheko, akamwambia asubiri nje kidogo, kopo la kwanza linamalizika, akishalipata hilo mengine ni kufuata tu. Mkandarasi akatoka akaanza kuwafokea vijana kwa jambo la kamba.

Baba akakoroga kwa mara ya mwisho. Akainua kijiti, kikachuruzika. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Njoo," akasema.

Nikaja.

Kwenye kopo kulikuwa na rangi kama ya udongo uliolowa. Sio mbaya. Nyumba nyingi zimepakwa hivyo. Lakini ukuta wa wodi ni kijani, nimeuona mwenyewe nilipompelekea Mama chakula. Alikuwa ametia ya saba badala ya kuiacha, na kwake ilikuwa inazidi kufanana.

Alikuwa anaangalia mlangoni, haniangalii mimi.

"Wewe unaionaje?"

Hajawahi kuniuliza. Sio mimi, na nadhani sio mtu mwingine yeyote. Niliyakumbuka maneno ya Mama. Nilifikiria kukohoa. Ningekohoa mara mbili, akaelewa, tukaendelea hivyo mimi naye, chupa kwa chupa, na pengine tungefika karibu na rangi ile. Kaka angebaki huko aliko.

"Si kijani, Baba," nikasema. "Ni kahawia."

Nilidhani atanifokea. Akakiweka kijiti juu ya mdomo wa kopo, kwa uangalifu, kisije kikadondosha mezani. Akauliza, "Sana?"

"Sana."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Nje mkandarasi alikuwa bado na kamba yake.

Nikasema yote kwa mkupuo, maana ningesita nisingemaliza. Nikasema flashi iko kwa Kaka. Kaka hakujua kwamba anayo. Anaweza kutuma faili sasa hivi na kopo hili likatengenezwa sawasawa leo leo. Anataka tu Baba ampigie. Haombi aombwe radhi.

"Alikwambia lini?"

"Alhamisi."

"Na mimi nimekaa nachezea makopo!" Akasema kwa nguvu, kisha akageuka kuangalia kama sauti imefika nje. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Nitamwambia nini? Wewe msomaji, niambie. Nimwambie nini?"

Katika vitabu vyote nilivyosoma sikukumbuka hata sentensi moja ya kumpa.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Nilitoa simu yangu, nikampigia Kaka, nikaweka sauti ya wazi, nikailaza mezani mbele ya Baba, kando ya kopo. Ikaita. Kaka akapokea. "Kurasa? Haloo? Imekuwaje huko?" Baba alikuwa ameinamia simu, mikono magotini. Kaka akasema haloo tena. Halafu akasema kwa sauti tofauti kabisa, "Baba?"

Nikatoka. Nikauvuta mlango wa duka nyuma yangu, nikasimama mbele yake. Mkandarasi akaacha kamba, akaja anafuta mikono, akauliza kama tayari. Nikamwambia bado. Akasema basi aingie aone. Nikamwambia asiingie, kwa sauti iliyomfanya asiniulize nimesema nini: Baba yuko kwenye simu.